Majina ya Maskini Vitabuni: Waayalandi Waliohamia Uskoti Wakati wa Njaa Kuu

Njaa Kuu ya Ayalandi ilianza mwaka 1845, ugonjwa wa ukungu ulipoangamiza viazi mviringo, chakula kikuu cha maskini wa nchi ile. Hadi mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamefariki, na zaidi ya milioni moja wameihama nchi. Wengi wasiomudu nauli ya Marekani walivuka bahari nyembamba kwa meli za moshi hadi Uskoti. Hesabu ya watu ya mwaka 1851 ilikuta humo watu wapatao 207,000 waliozaliwa Ayalandi, baadhi yao wakiwa wametangulia kabla ya njaa. Katika mji wa Glasgow walikuwa karibu 18 katika kila watu 100.

Leo vitukuu vyao huuliza: Je, wazee wetu walitoka kijiji gani? Swali hili ni gumu. Makarani wa hesabu ya watu mara nyingi waliandika neno moja tu, "Ayalandi". Huko Ayalandi kwenyewe serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo vyote mwaka 1864 tu. Tena kumbukumbu nyingi za kale ziliteketea Dublin mwaka 1922.

Hata hivyo njia zipo. Kwanza, Uskoti ilianza uandikishaji wa serikali mwaka 1855, na cheti cha kifo hutaja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Hivyo mjane aliyefia Glasgow aweza kutujulisha wazazi ambao hawakuondoka kamwe Ayalandi. Pili, vipo vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa. Tatu, ziko kumbukumbu za misaada ya maskini; zile za Glasgow zimehifadhiwa katika Maktaba ya Mitchell.

Hizi za tatu zastahili kutafakariwa. Kwa sheria ya mwaka 1845, mgeni ambaye hajakaa miaka mitano mfululizo katika parokia moja hakupata haki ya kutunzwa humo, na Mwayalandi aliyeomba msaada aliweza kurudishwa kwao. Kwa sababu hiyo mkaguzi alimhoji kwa makini: amezaliwa wapi, wazazi wake ni nani, watoto wake ni wangapi. Maswali yaliyoulizwa ili maskini afukuzwe ndiyo yanayowaongoza wajukuu wake hadi nyumbani kwao.

Kanisa nalo lina sehemu yake katika historia hii. Mwaka 1923 Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti ulipokea taarifa iliyowataja Wakatoliki wa asili ya Ayalandi kuwa hatari kwa taifa la Waskoti. Mwaka 2002 Kanisa hilo lilieleza majuto yake. Basi twaona kwamba kalamu ile ile yaweza kumhifadhi mtu, na yaweza kumtweza.

Sisi tunaokabidhiwa vitabu vya usharika hatuna budi kulikumbuka jambo hili. Tunapombatiza mtoto wa mkimbizi au wa kibarua apitaye, tuandike jina lake kamili, majina ya wazazi wake wote wawili, na kijiji walikotoka. Huenda mstari huo mmoja ukawa ushuhuda pekee utakaobaki duniani kwamba watu hao waliishi, na kwamba walikuwa na kwao.