Siku ya Nyumbani: Kazi na Malezi katika Ujerumani Mashariki

Katiba ya mwaka 1949 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, dola ambayo Wazanzibari waliijua baadaye kupitia majumba ya ghorofa ya Kikwajuni, ilitamka kwamba mwanamke na mwanamume ni sawa na kwamba kazi sawa hulipwa ujira sawa. Tamko hilo lilitokana na mafundisho ya Friedrich Engels na August Bebel, walioshikilia kuwa mwanamke hawezi kukombolewa akiwa hana kipato chake. Lakini palikuwa pia na haja isiyohitaji falsafa yoyote, kwani vita vilikuwa vimeua wanaume wengi, na waliosalia waliendelea kuhamia Magharibi hadi ukuta wa Berlin ulipojengwa mwaka 1961.

Viwanda visingempata mama kabla ya mtoto kupata wa kumtunza, hivyo serikali ilieneza vituo vya kulelea watoto wachanga, ambavyo vilifunguliwa alfajiri ili kuwahi zamu ya kwanza. Humo watoto walikalishwa kwa pamoja kwenye benchi refu lenye poti, na mara nyingi hakuna aliyeruhusiwa kuinuka mpaka wenzake wote wamemaliza. Palikuwa pia na vituo vya juma zima, ambako mtoto aliachwa Jumatatu na kurudi kwao mwisho wa juma, mpango ambao kwa mama wa zamu za usiku ulikuwa msaada, ingawa kwa mtoto ni vigumu kuutetea. Kufikia mwaka 1989, wanawake takriban 9 kati ya 10 wa umri wa kufanya kazi walikuwa kazini au masomoni.

Uzazi nao ulipangiwa bei. Kuanzia mwaka 1972, mwaka uleule ambao utoaji mimba katika wiki 12 za mwanzo uliruhusiwa, maarusi wasiozidi umri wa miaka 26 walikopeshwa marki 5,000 bila riba, na deni hilo lilipunguzwa kwa marki 1,000 alipozaliwa mtoto wa kwanza, 1,500 kwa wa pili, na salio lote likafutwa kwa wa tatu. Watu wakabuni kitenzi maalumu cha kulipa deni kwa kuzaa.

Hata hivyo, mawazo ya watunga sheria hayaonekani popote waziwazi kama katika siku ya nyumbani, yaani siku moja ya mapumziko yenye malipo kila mwezi, ambayo kuanzia mwaka 1952 mwanamke aliyeolewa na kuajiriwa kwa muda kamili alipewa ili afue, asafishe nyumba na kupanga foleni madukani. Wanawake waliipenda siku hiyo, na kwa haki, kwa maana juma la kazi lilikuwa refu. Lakini kwa kuwapa wao peke yao, dola iliyojitangaza kuwa ya usawa iliandika katika sheria kwamba beseni la kufulia ni la mke. Sheria ya Kazi ya mwaka 1977 iliwafikia hatimaye wanawake wasioolewa waliotimiza miaka 40, pamoja na baba anayelea watoto peke yake; mwanamume mwenye mke aliipata siku hiyo ikiwa tu daktari amethibitisha kwa maandishi kwamba mkewe ni mgonjwa wa kuuguzwa.