Mtoro katika Daftari la Mahudhurio: Kuwafundisha Watoto wa Madimba Habari za Waliotoroka Utumwa

Katika shule zetu za msingi neno "mtoro" lina maana moja tu. Ni mtoto aliyeitwa jina asubuhi na hakuna aliyeitikia. Mzazi ataitwa, mtendaji wa kijiji atapewa taarifa, na mwenyewe akirudi atakuwa na la kujibu. Mwaka mmoja, nikiwa nimeketi nyuma ya darasa la tatu huko pwani ya Mtwara, nilimsikia mwalimu akisema kwamba baadhi ya watumwa walikuwa watoro. Watoto wakaangua kicheko. Mmoja akauliza, kwa dhati kabisa, kama nao walichapwa. Walichapwa, akajibu mwalimu, na darasa likanyamaza.

Mwalimu yule hakukosea neno. Watoro ndivyo walivyoitwa mwambao mzima watumwa waliowakimbia mabwana zao. Ila neno hilo lilitoka kinywani mwa bwana: ndani yake mna hasara yake yeye, hamna kiu ya aliyeondoka. Kiswahili bado kimebeba masalia ya namna hiyo. Mtoto mwenye adabu twamwita muungwana, na zamani muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, awe na adabu au asiwe nayo. Hoja yangu ni kwamba somo la utumwa kwa watoto wadogo lianzie hapa, kwenye neno wanalolijua na ardhi wanayoikanyaga, wala si kwenye minyororo.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoingia na mtaala mpya, limetufungulia mlango. Hofu yangu ni kuwa tutapita humo na picha zile zile: mnyororo shingoni, soko la Zanzibar lililofungwa 1873, kisha manowari ya Waingereza. Ni picha za kweli. Lakini mtoto wa miaka minane asipopewa nyingine hujifunza kwamba mtumwa ni mtu wa kutendwa tu: alikamatwa, akauzwa, akakombolewa. Hajui kwamba mtu yule alikuwa akipiga hesabu zake usiku. Na kwa upande wetu wa bara hesabu hizo ziliitangulia sheria. Wajerumani hawakuufuta utumwa katika koloni lao. Walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta ilikuja chini ya Waingereza, 1922. Kufikia hapo watu wengi walikuwa wamekwisha kujiondokea.

Madimba, kwenye pwani hiyo hiyo ya Mtwara, leo inajulikana kwa mtambo wa gesi uliozinduliwa 2015. Kaskazini-magharibi yake iko Mikindani, bandari iliyopitisha watumwa na ambako Livingstone alishuka 1866. Kusini mto Ruvuma unaingia baharini. Magharibi ardhi inapanda hadi uwanda wa juu wa Makonde. Huko juu ndiko liliko somo langu. Vichaka vyake vilikuwa vizito, na mgeni asiyezijua njia hakufika popote. Lakini maji yalikuwa ya shida. Wanawake waliteremka mabondeni kuchota, wakapanda tena na mitungi kichwani; Karl Weule, Mjerumani aliyekuwa Newala 1906, aliishangaa taabu hiyo.

Mtoto wa Madimba anaujua uzito wa ndoo ya lita 20. Mwulize: kwa nini mtu mwenye akili zake ajenge huko juu, mbali na maji? Atasema labda kulikuwa na simba, labda mafuriko. Mwache afikiri. Kisha mwambie kwamba penye maji ndipo misafara ilipopita, na ilipopita misafara ndipo watu walipokamatwa. Sababu haikuwa hiyo peke yake, lakini ilikuwemo. Ataielewa bei ya uhuru bila kuonyeshwa damu. Msomi mkali atanikatiza: hao waliojenga juu walikimbia kabla ya kukamatwa, na huko si kutoroka utumwa. Kwa mwanahistoria tofauti hiyo ina uzito. Kwa mtoto, aliyejificha na aliyechomoka wote wamemnyima mtu kitu alichokitaka.

Aliyekwisha kukamatwa alikuwa na tatizo jingine: pa kwenda. Kwetu hakukuwa na kaskazini yenye uhuru kama ile aliyoiendea Harriet Tubman wa Marekani. Mtu peke yake njiani alikuwa windo la yeyote, kwa hiyo kutoroka kulikuwa kutafuta wa kukupokea: jumbe, bwana mwenye nafuu, misheni, au watoro wenzako. Wazigua waliopelekwa Somalia waliyatoroka mashamba ya Shebelle wakajenga vijiji vyao bonde la Juba, na vizazi vyao vinasema Kizigua hadi leo. Rabai, karibu na Mombasa, watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru mwanzoni mwa 1889, mabwana wakilipwa fidia. Darasa lolote lililo macho litauliza: na watumwa walilipwa nini? Hawakulipwa kitu. Masasi, ambako Askofu Steere aliwafikisha watumwa walioachwa huru 1876, ilivamiwa 1882 na baadhi ya watu wakachukuliwa mateka. Hilo nalo lisifichwe. Mtoto aliyelelewa na hadithi za Sungura na Fisi anajua kuwa Fisi hurudi.

Kuna kazi moja ya nyumbani nisingependa itolewe: nenda kamwulize bibi kama ukoo wetu ulikuwa wa watumwa. Mwambao huu asili ya namna hiyo husitiriwa, na dawati moja huweza kuwakalisha mjukuu wa aliyeuzwa, wa aliyeuza, na wa aliyekuwa yote mawili. Swali la maji halimvui mtu nguo.

Mwalimu wa darasa la tatu, asubuhi ukishaita majina, liandike neno mtoro ubaoni. Waache watoto waseme wanavyolijua. Kisha waulize: huyu wa zamani alikuwa akimkimbia nani, na nani alimfungulia mlango?