Georgia 1921: Nani Aliandika Mwaliko?

Kila mwaka, ninapofundisha historia ya mapinduzi ya karne ya 20, hapakosi mwanafunzi wa kuniuliza: je, ni halali kwa taifa la kimapinduzi kuvuka mpaka ili kuwakomboa wanyonge wa nchi jirani? Mimi hulijibu swali hilo kwa kisa cha Georgia. Si jimbo la Marekani, bali nchi ndogo iliyo kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Kaukasi.

Georgia ilitangaza uhuru wake tarehe 26 Mei 1918, baada ya dola ya tsar kusambaratika. Viongozi wake, Noe Zhordania na wenzake wa chama cha Wamensheviki, walikuwa wafuasi wa Marx kama walivyokuwa Wabolsheviki wa Urusi, ila wao walishika njia ya uchaguzi na vyama vingi. Waligawa ardhi ya makabaila kwa wakulima. Mwaka 1919 wanawake walipiga kura, na watano wakaingia bungeni. Basi ikulu ile haikuwa na mfalme wa kupinduliwa.

Tarehe 7 Mei 1920 Urusi ya Kisovieti ilitia saini mkataba wa kuutambua uhuru huo na kuahidi kutoingilia mambo ya ndani ya Georgia. Wino ulipokuwa ukikauka, Azerbaijan ilikuwa imekwisha kutwaliwa na Jeshi Jekundu mwezi uliotangulia. Armenia ikafuata kabla mwaka haujaisha.

Februari 1921 maasi yalizuka Lori, eneo la mpakani lililogombaniwa na Georgia na Armenia. Kamati ya mapinduzi ikaundwa, ikaomba msaada, na Jeshi la 11 likaingia. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyoelezwa. Kumbe Ordzhonikidze na Stalin, wote wawili wazaliwa wa Georgia, walikuwa wakiushinikiza uvamizi huo tangu awali. Lenin alisita, kisha akaridhia. Tarehe 21 Februari, vita vikiwa vimefika viungani mwa Tbilisi, wabunge walipitisha katiba. Siku 4 baadaye mji ulianguka, na mwezi Machi serikali ikaondoka kwa meli kutoka Batumi kwenda uhamishoni.

Tusiwapambe walioshindwa. Serikali ile iliwafunga Wabolsheviki wa nchini mwake, na mwaka 1920 ilizima maasi ya Waosetia kwa ukatili. Malalamiko yalikuwepo, na yalikuwa ya kweli. Lakini ugomvi wa wenye nyumba haumpi jirani hati ya kiwanja.

Anayetaka ushahidi autazame mwaka 1924, Georgia ilipoinuka dhidi ya watawala wapya na maelfu ya watu wakauawa. Umma uliokombolewa kwa hiari yake hauhitaji kuzimwa kwa risasi baada ya miaka 3. Na tarehe 9 Aprili 1991, Georgia iliporejesha uhuru wake, haikuanza upya: ilirudi kwenye tamko la 1918.

Kwa hiyo wanafunzi wangu, wanaharakati, nanyi watumishi wa umma mnaoandaa mikataba: mnapoambiwa kwamba jeshi la kigeni limealikwa, ulizeni nani aliutia saini mwaliko, na siku alipoutia saini, jeshi lenyewe lilikuwa limefika wapi.