Safu ya Lugha: Siri ya biashara

Msemo "siri ya biashara" unatandazwa juu ya kila jambo ambalo kampuni haipendi kuulizwa, na waandishi wa habari wanaunakili bila kuupima. Siri, kutoka Kiarabu sirr, ni jambo lijulikanalo na wachache. Siri ya biashara ni finyu zaidi: maarifa yenye thamani kwa sababu washindani hawayajui, na mwenyewe anayalinda. Namna kiwanda kinavyotengeneza kapasita ya tantalo ya simu yaweza kuwa siri ya biashara. Shimo la Rubaya, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, lililotoa koltani, yaani mawe yenye tantalo hiyo, haliwezi. Wachimbaji maelfu wanalijua.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2017 kuhusu madini ya maeneo ya migogoro, iliyoanza kubana waagizaji Januari 2021, inawataka wawape wanunuzi wao habari za asili ya madini, ila kwa kuzingatia siri za kibiashara. Hapo ndipo msemo ukilegea unaumiza watu. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti kuwa koltani yake ilivushwa kwa magendo hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Kunyamazia njia hiyo kunaitwa kuficha.

Faragha, tofauti na siri ya biashara, ni ya mtu. Jina na namba ya simu ya mchimbaji wa Walikale, huko huko Kongo, vikiingizwa kwenye hifadhidata ya kufuatilia madini vilindwe kikamilifu, maana wenye bunduki wanaweza kumfuata nyumbani. Kampuni haina mlango wa namna hiyo wa kubishiwa usiku.