Msambu na Majina Yake

Karakanani Keko, Temeke, niliwauliza maseremala habari za msambu. Mvule waliujua, mninga pia. Msambu hawakupata kuusikia.

Mti huu huota kiasili Tanzania pekee, katika misitu ya Tao la Mashariki, kama Usambara na Uluguru. Kuna msambu dume na msambu jike. Jike huzaa matunda makubwa, yenye mbegu ambazo wenyeji hukamua mafuta ya kupikia.

Wanabotania huuita *Allanblackia stuhlmannii*. Black alihudumu Kew, Uingereza. Stuhlmann, Mjerumani, aliongoza taasisi ya Amani, iliyoanzishwa 1902. Jina la kitaalamu lawakumbuka wageni wawili. Waliokamua mafuta wanakumbukwa na neno msambu. Tulitamke hata mjini, lisitangulie mti kutoweka.