Mwandiko wa mkono: kutoka msalaba wa machifu hadi kaye ya mhami

Mtu anapokimbia vita usiku, hana wakati wa kuchagua sana. Anabeba mtoto, sufuria, bidoni ya maji. Kama akili bado imetulia, anakamata pia ule mfuko wa plastiki wenye makaratasi: buletini za watoto, kadi ya ubatizo, karatasi ya shamba, pengine barua ya mzazi aliyekwisha kufa. Vingi kati ya vitu hivyo vimeandikwa kwa biki, na mkono wa mtu fulani anayejulikana. Historia ya mwandiko mashariki mwa Kongo iko ndani ya mfuko huo.

Karatasi za kwanza za Wazungu hazikuhitaji mwandiko wa Mkongo. Katika miaka ya 1880, Stanley na watu wake walizunguka kando ya mto Kongo wakiwa na mikataba kwa niaba ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Machifu waliambiwa watie alama. Wengi waliandika msalaba, X, pembeni ya jina ambalo mgeni alikuwa amewaandikia kwa jinsi alivyolisikia. Kwa mikataba hiyo Leopold alijenga madai yake mbele ya mataifa ya Ulaya, mpaka nchi nzima ikawa yake mwaka 1885. Msalaba mmoja unafanana na mwingine wowote. Hakuna mjukuu anayeweza kuutazama na kusema: huu ni mkono wa babu yangu.

Wengi wanawafundisha watoto kwamba maandishi yalifika huku pamoja na Wabelgiji. Si kweli. Maniema, katika miji ya Nyangwe na Kasongo, watu waliandikiana barua kwa Kiswahili wakitumia herufi za Kiarabu, kabla ya Dola la Leopold kuingia huko. Barua za namna hiyo bado zimehifadhiwa Ubelgiji. Hata Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa aliyeitawala Kasongo, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili na kwa herufi hizo, kiisha Mjerumani Heinrich Brode akayageuza katika herufi za Kilatini. Ni mtu aliyeacha majeraha mengi Maniema. Lakini mkono wake ulijua kuandika, na ule wa makarani wake pia.

Herufi za Kilatini zilienea kwa njia ya misioni. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1906 Dola la Leopold lilipatana na Vatikani: misioni zitapewa ardhi, nazo zitafungua mashule. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 40, mtoto wa Kongo aliyetaka kusoma alipitia karibu daima kwa padri, sista au mchungaji. Mashule ya serkali yasiyo ya dini kwa watoto Wakongo yalianza kufunguliwa mwaka 1954 tu.

Katika mashule hayo mwandiko ulikuwa somo lenyewe, na tena somo gumu. Mtoto alianzia kwenye kibao na chaki, kiisha kaye yenye mistari miwili miwili, kisha kalamu ya chuma ya kuchovya katika wino. Herufi za kushikana zilikuwa na sheria: tumbo la "a" lijae kati ya mistari miwili, shingo ya "l" ipande, mkia wa "g" ushuke na kurudi bila kukatika. Ukishuka, kaza kalamu, mstari uwe mnene. Ukipanda, legeza, uwe mwembamba. Tone moja la wino liliharibu ukurasa mzima. Mtoto wa mkono wa kushoto alilazimishwa kutumia wa kuume, na wako wazee mpaka leo wanaoandika kwa kuume lakini wanakata kuni kwa kushoto.

Ndiyo sababu barua za wazee waliosoma kwa misioni zinafanana sana, hata kama mmoja ni wa Kalemie na mwingine wa Butembo: herufi zimelala kuelekea kuume, herufi kubwa ina mkia kama wa jogoo, na sahihi chini imezungushwa mara mbili tatu. Sahihi hiyo ndiyo ilikuwa yao peke yao. Mengine yote mwalimu alikuwa amewapa, na sahihi mtu aliitunga mwenyewe, usiku, nyuma ya kaye, akijaribu mara nyingi mpaka mkono ukubali.

Kutoka katika mashule hayo, huko Baudouinville (Moba ya leo), alitokea Stefano Kaoze. Mwaka 1910, akiwa bado mwanafunzi wa useminari, maandishi yake juu ya fikra za Wabantu yalianza kutoka katika gazeti la Ubelgiji. Mwaka 1917 akawa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati za ukoloni. Kwa wengine, mwandiko mzuri ulifungua mlango wa ofisi. Karani alinakili, alijaza rejista, aliandika bahasha; mkono wake ulikuwa mshahara wake. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika 30. Waliochukua ofisi siku ile walikuwa, kwa sehemu kubwa, makarani na walimu.

Biki ilileta mabadiliko mengine. Mfaransa Marcel Bich alianza kuiuza Desemba 1950, na jina lake likawa jina la kalamu yoyote katika Kongo nzima. Biki haichagui kati ya mnene na mwembamba, haihitaji chupa ya wino, na inaandika hata juu ya goti. Walimu wa zamani waliona inaharibu mkono. Huenda ni kweli, lakini iliwapa kalamu watu ambao hawakuwa na meza. Mmoja wao ni Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga. Baada ya kuchora historia ya nchi katika michoro karibu 100 miaka ya 1973 na 1974, aliiandika pia kwa mkono, kwa Kifaransa, katika makaye ya shule, zaidi ya kurasa 70, mwaka 1980. Kifaransa chake kina makosa mengi. Hakungoja kwanza kijue sawasawa ndipo aandike, na ni vema hakungoja.

Kiisha vita ya 1996 na ile ya 1998 zikavunja familia. Posta ilikuwa imekufa, simu ya mkono bado. Barua zilipitia kwa dereva wa kamio, kwa mama mchuuzi, kwa padri anayesafiri. Na zilipitia kwa Msalaba Mwekundu. Kazi hiyo ni ya zamani: katika vita ya 1914, ofisi yake ya Geneva ilijaza kadi karibu milioni 7 za kutafuta wafungwa na watu waliopotea, na katika vita ya 1939 ujumbe wa raia ulipaswa usizidi maneno 25. Katika Kivu ilikuwa ni karatasi moja, isiyofungwa katika bahasha, ya habari za jamaa peke yake: hakuna siasa, hakuna habari ya waaskari. Wajitoleaji waliibeba kwa miguu, kwa kinga, kwa mtumbwi, wakiita majina sokoni na kanisani.

Aliyepokea karatasi hiyo hakuanza kwa kusoma. Alitazama kwanza mwandiko. Kama ni mkono wa mtoto wake, basi siku ile ilipoandikwa mtoto alikuwa hai, hata kama maneno yenyewe yalikuwa mawili tu, "niko salama". Kama ni mkono wa mtu mwingine, wasiwasi ulianza kabla ya mstari wa kwanza: ameumia? Au hakuwahi kujifunza kuandika, na leo amemwomba mjitoleaji? Mashine ya kuandika isingeweza kuleta habari hiyo.

Kwa upande wa mashamba, jambo ni zito zaidi. Katika Bushi, ardhi ilipatikana kwa kalinzi, ng'ombe aliyetolewa kwa mwami mbele ya watu. Baadaye kukaja bugule, kununua kwa pesa. Sheria ya Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya serkali, na kwamba ile ya kimila itapangwa kwa amri ya raisi. Kwa miaka mingi amri hiyo haikutoka. Kwa hiyo raia waliendelea na karatasi yao: ukurasa wa kaye, jina la muuzaji na la mnunuzi, mipaka (mti ule, kijito kile), mashahidi, tarehe, sahihi au kidole. Volkano ya Nyiragongo iliposhuka katika Goma tarehe 17 Januari 2002, iliunguza pamoja na nyumba makaratasi kama hayo. Kila uhamisho unapoteza mengine.

Sheria ya familia ya mwaka 1987 nayo inautambua mkono. Kati ya njia za kuacha usia iko ile ya karatasi ambayo mwenyewe ameiandika kwa mkono wake, akatia tarehe na sahihi.  

Watoto wengi wa kambi leo wanajua kutuma sauti kwa simu kabla ya kujua kuunganisha "b" na "r". Wengine wamekosa miaka miwili au mitatu ya masomo, na mwalimu aliye na wanafunzi 80 chini ya hema hana nafasi ya kushika mkono wa mmoja mmoja. Wako wazazi wanaofanya kazi hiyo wenyewe jioni, kwa kipande cha kaa juu ya ubao wa sanduku, wakianza na herufi za jina la mtoto.