Katiba Iliyowangoja Wabunge Kwenye Visanduku vya Barua

Mwaka 2014 tingatinga zilipita kando ya reli ya Namuwongo, jijini Kampala, zikalaza vibanda vya mbao na mabati vilivyosimama hatua chache kutoka kwenye mataruma. Bomoabomoa ya namna hiyo huamsha hoja ileile: Ibara ya 26 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia ya haki, tena ilipwe kabla. Panapokuwa na ardhi oevu, wenye mamlaka nao wana Ibara ya 237, inayoiweka chini ya dhamana ya serikali. Kitabu kimoja, kila mmoja na ukurasa wake.

Walau kitabu hicho kilipita kwa wananchi. Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilikusanya maoni zaidi ya 25,000, Bunge la Katiba lililochaguliwa 1994 likabishana zaidi ya mwaka mzima, na tarehe 8 Oktoba 1995 katiba ikatangazwa: haki za raia sura ya nne, Bunge ya sita, rais ya saba, ardhi ya 15. Odoki, ambaye ameandika kitabu juu ya kazi hiyo, anasisitiza mno ushiriki huo wa watu. Ukiyajua ya 1966, utamwelewa.

Katiba ya uhuru ya 1962 ilijadiliwa London, ikaipa Buganda hadhi ya shirikisho. Februari 1966 Waziri Mkuu Milton Obote akaisimamisha. Aprili 15 akaingia bungeni na katiba mpya, askari wakiwa wamelizingira jengo na ndege za kivita zikipita juu. Wabunge waliambiwa nakala zao watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Wakapiga kura kwanza, kusoma baadaye! Obote akawa rais mtendaji, na Waganda wakaibatiza katiba hiyo kwa jina la visanduku hivyo. Mei 24 jeshi chini ya Idi Amin likavamia Lubiri, kasri la mfalme wa Buganda, Kabaka Mutesa, naye akaponea uhamishoni. Katika kesi ya Michael Matovu, chifu wa saza (kaunti) aliyewekwa kizuizini, Jaji Mkuu Udo Udoma alimtegemea mwanafalsafa Hans Kelsen: mapinduzi yakishika, yamekuwa sheria.

Katiba ya 1967 ikafuta falme. Kisha Amin akatwaa madaraka.

Katiba ya 1995 nayo imeguswa: mwaka 2005 ukomo wa mihula ya urais uliondolewa. Septemba 2017 ikawa zamu ya ukomo wa umri wa miaka 75. Viti vikaruka ukumbini na wapinzani wakatolewa kwa nguvu. Desemba muswada ukapita. Safari hii, angalau, waliopiga kura walijua wanapigia nini.